Mashine ya Kukereza Kutoka Ruziba

Mashine ya kukereza ya baba ilikuwa inasema uongo. Sina neno jingine la kuielezea. Unaipa fimbo ya chuma, inazunguka, kisu kinachonga, na unachopata mwishoni ni fimbo nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, kwa kiasi ambacho macho hayawezi kukiona. Mteja anaipokea kwa furaha, anakwenda kuivalisha beringi, halafu anarudi amekunja uso. Reli za chini, zile ambazo kisu hutembea juu yake, zilikuwa zimeliwa na miaka ya kazi. Ukichonga juu ya reli zilizoliwa unapoteza muda wako na chuma cha watu.

Tulikuwa Buyenzi, Bujumbura, katika ile miaka ya vita ambapo nchi jirani zilituwekea vikwazo na mipaka ikafungwa. Vipuri havikuingia. Kila aliyekuwa na gari, pampu ya maji au mashine ya kusaga alitafuta fundi wa kumchongea kile ambacho zamani angekinunua dukani kikiwa ndani ya boksi. Kazi haijawahi kuwa nyingi kama wakati ule, na sisi tulikaa tukiitazama inapita mbele ya mlango wetu kwenda kwa wengine. Nilikuwa naumia mpaka nashindwa kula.

Nasema sisi, maana baba hakuzaa mtoto wa kiume. Alinifundisha mimi, binti yake wa kwanza, na kwa kuwa nilirithi jina la mama yake aliniita mama hata aliponigombeza. Miguu yake ilipoanza kuvimba, mimi ndiye niliyesimama kwenye mashine, mtandio nimeukaza nyuma ya shingo ili usije ukavutwa na chuma kinachozunguka. Wateja waliingia, wakanipita kama mlango, wakaenda kumwuliza baba aliyekaa kwenye kigoda. Baba aliwajibu, kisha akanipa kazi. Ndivyo tulivyoishi.

Mwaka huo, mwezi wa Ramadhani ulipokaribia, baba mkubwa alikuja na shauri lake. Alikuwa mfanyabiashara wa unga, na alitaka nyumba ya karakana yetu aweke kinu na magunia. Alisema mbele yangu, bila kunitazama, kwamba mashine imekufa na msichana ataolewa, sasa nyumba inangoja nini? Jioni baba akaniita.

"Mama, sikiliza. Ukipata turu yenye kusema kweli mbele Idi ifike, ateliye ni yako, mi sitaingilia tena. Ukikosa, nampa kaka yangu iyi nyumba ya kazi, na we utabaki kwa nyumba na mama yako."

Turu ndiyo mashine ya kukereza, na ateliye ndiyo karakana, kwa Kifaransa chetu cha mitaani. Na aliposema yenye kusema kweli alimaanisha ile mashine ndogo ya usahihi, ambayo viwanda hutumia kutengenezea zana zenyewe, si zile kubwa za kuchongea chochote kijacho. Mpya isingepatikana hata kwa dua. Ilibidi nitafute iliyotumika, mjini humo humo, katikati ya vita, nikiwa nimefunga. Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Nilianzia Jabe, kwa sababu Jabe kila kitu kinauzwa. Nilifuatana na fundi makanika mmoja kutoka Uvira, mkimbizi aliyekuwa akifanya kazi uani kwetu, Mkristo, mtu wa maneno mengi na sigara nyingi. Muuzaji alituonyesha mashine iliyopakwa rangi ya kijani mpya kabisa, bado inanata. Rangi mpya juu ya mashine kuukuu mimi hunipa wasiwasi papo hapo. Nikafungua mkoba, nikatoa rula yangu ya chuma na pakiti ya karatasi za kusokotea sigara.

Hapo niseme kwamba karatasi hizo ndizo kipimo cha baba. Ni nyembamba kupita karatasi zote, na unene wake haubadiliki. Unalaza rula juu ya reli, unajaribu kupenyeza karatasi chini yake. Ikipita, reli imeliwa. Baba hajavuta sigara maisha yake yote, lakini kwa ajili ya karatasi hizo nusu ya msikiti ilimshuku kwa miaka. Sasa ikawa zamu yangu. Muuzaji wa Jabe aliniangalia, mwanamke wa mtandio, mchana wa Ramadhani, na karatasi za sigara mkononi.

"Astaghafirullah! Dada, na we unavuta? Mu mwezi huu?"

Nililaza rula karibu na kichwa cha mashine, nikapenyeza karatasi. Ikapita. Nikaweka ya pili juu yake, zikapita. Nikakunja kibunda kizima, kikapita kama barua chini ya mlango.

"Mi sivuti," nikamwambia. "Lakini mashini yako inavuta. Angalia namna inameza."

Makanika wa Uvira alicheka mpaka akakohoa. Muuzaji akatufukuza.

Baadaye tukaenda Cibitoke, mtaa wa kaskazini, ambako watu wengi walikuwa wamekimbia na nyumba nyingi zilibaki bila milango wala mabati. Kijana mmoja alitupeleka kwenye karakana iliyofungwa kwa waya. Ndani mlikuwa na mashine nzuri, nzuri kweli. Rula ililala juu ya reli, karatasi ikakataa. Kisha nikaona kwenye ukuta aproni ya mtu imetundikwa, na chini yake viatu viwili vya kazi vimepangwa vizuri, kama vile mwenyewe ametoka kwenda kusali na atarudi.

"Mwenye mashini ni nani?" nikauliza.

"Mwenyewe alikimbia. Haiko na mutu sasa. Toa franga, beba."

Niliitaka mashine ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nilikasirika na yule kijana, nikakasirika na vita, nikakasirika hata na viatu vile. Lakini baba asingeweza kuswali kwenye nyumba yenye mashine ya wizi, na mimi nisingeweza kusimama mbele yake kila asubuhi nikijua mikono yangu iko mahali pa mikono ya nani. Tulirudi Buyenzi kwa miguu.

Njiani makanika akaanza kusema, ili anichekeshe tu.

"Kuko ingine kule Ruziba, mu nyumba ya mama mumoja mujane. Niliiona wakati nilienda kutengeneza moteri ya mutumbwi. Lakini ile ni kutu tupu, dada. Nyekundu yote, toka kichwa mpaka miguu. Wenye kununua chuma cha kuyeyusha wameshaipita wote, anakataa kuuza."

"Anakataa kwa nini?"

"Anasema ni nzima! Kutu yote ile, ati nzima!"

Ruziba iko kusini, kando ya ziwa, na barabara ya kusini siku hizo ilifunguliwa asubuhi na kufungwa mapema, kwa sababu ya waliokuwa wakishuka milimani na bunduki. Mama alilia nilipomwambia naenda. Baba hakulia wala hakunizuia. Nilikuwa nimebakiwa na wiki ya mwisho ya mfungo na sikuwa na mahali pengine pa kwenda.

Tulimkuta yule mjane ameketi mlangoni na rundo la mikungu ya michikichi, akichambua chikichi zake nyekundu kwa kisu. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye Kiswahili kichache na Kirundi kingi. Nikamsalimia kwa Kirundi, tukaulizana habari za amani kama inavyopasa hata pasipo na amani, ndipo nikamwomba nione mashine. Akatutangulia hadi kibanda cha nyuma.

Makanika alikuwa amesema kweli kuhusu rangi. Mashine ilikuwa nyekundu, nyekundu ya kahawia, tabaka juu ya tabaka, huwezi kuona namba wala mikono yake. Yeye alibaki mlangoni, akawasha sigara.

"Umeona? Twende, barabara itafungwa."

Lakini ilikuwa alasiri, na mimi nilikuwa nimefunga. Aliyewahi kufunga anajua pua inavyokuwa saa ile. Unasikia harufu ya chungu cha jirani wa tatu, unajua ameweka kitunguu au hajaweka. Niliingia katika kibanda kile na tumbo langu likanguruma kwa sauti. Nikasimama. Nikajiuliza, kwa nini chuma kilichooza kwa kutu kinanipa njaa?

Nikasogea, nikakwangua kwa ukucha. Kutu hukwanguka kama unga. Hii ilitoka kama gundi, ikajikunja chini ya kucha, na pale ilipotoka pakang'aa weupe wa chuma kisichoguswa na maji. Nikanusa kidole. Nikamwita makanika.

"Mi nimefunga. We onja."

"Nionje kutu?"

"Onja, nimesema!"

Akaonja kwa ncha ya ulimi, uso ameukunja. Kisha uso ukafunguka.

"Ee Mungu wangu! Dada, ni mawese!"

Mjane alituangalia kama watoto wawili waliochelewa kuelewa. Alitueleza taratibu. Mume wake alikuwa mchongaji katika karakana ya meli kandokando ya ziwa, na waajiri wake walipofunga kazi na kuondoka walimpa mashine ile, majirani wote wakiwa mashahidi. Alipougua, mwanzoni mwa vita, alimwambia mkewe asiiache ikauke, aipake mafuta mazito. Grisi haikuwapo. Yeye alikuwa na mafuta anayokamua mwenyewe, basi akapaka hayo. Mume alikufa. Kila baada ya mavuno mapya alipaka tena, na mawese ya miaka yaligandamana na kuwa kama koti. Wanaume walikuja mmoja mmoja, wakasimama mlangoni, wakasema kutu, wakaondoka.

"Wote walikuwa bagabo," alisema, yaani wanaume. "Hakuna mumoja mwenye kupika."

Nilikwangua reli kwa urefu wote wa kiganja, nikalaza rula, nikatoa karatasi. Haikupita karibu na kichwa. Haikupita katikati. Haikupita mwishoni. Nilishika taya zinazobana chuma, nikazinyanyua kwa nguvu zangu zote kutafuta mchezo, na hazikucheza hata kidogo. Nilijisikia naweza kuibeba mgongoni hadi nyumbani.

Nilimwuliza anataka nini. Akasema franga hataki, franga ya leo kesho haina maana. Akatupeleka uani kwenye kinu chake cha kukamulia mawese, pipa la chuma lenye parafujo kubwa katikati na mti mrefu wa kuzungushia. Mizunguko ya parafujo ilikuwa imelika yote, na yeye na jirani zake walikuwa wamerudia kukanyaga chikichi kwa miguu. Akaishika ile parafujo.

"Beba mashini. Nitengenezee hii vis. Kinu ikikamua, mashini ni yako. Isipokamua, utairudisha hapa, mukobwa wanje, na hutaniona nikicheka." Aliniita mukobwa wanje, yaani binti yangu.

Tuliipandisha kwenye lori la mchanga kwa kuiviringisha juu ya vigogo, vijana wa Ruziba wakisukuma na makanika akitoa amri ambazo hakuna aliyezifuata. Kwenye kizuizi cha barabarani askari alizunguka lori mara mbili. Wakati ule chuma chenye bomba na gurudumu hakikumpendeza askari yeyote.

"Iyi ni ya kutengeneza bunduki?"

Nilikuwa na kiu, nimechoka, na jua lilikuwa linashuka. Hasira ikanitangulia.

"Ni ya kutengeneza kinu ya mama mumoja. Shika mwenyewe unuse!"

Makanika alifumba macho, nadhani alikuwa anasali. Askari alishika, akanusa, akamwita mwenzake naye anuse. Wakatazamana.

"Mawese ku mashini? Nani anapikia chuma mchuzi?" Wakaangua kicheko, wakatufungulia njia.

Baba alitungojea nje kwenye kigoda. Aliinua pua kabla hajainua macho. "Mumeniletea turu," akauliza, "ao mumeniletea sombe?" Sombe ni kisamvu, na kwetu hupikwa kwa mawese.

Mafuta ya taa ya kusafishia yalikuwa adimu kama dawa. Lakini mama, aliyekuwa amelia niondoke, ndiye aliyetazama ile gundi nyekundu na kusema kitu ambacho mwanamke yeyote wa pande zetu angesema: mawese na maji ya majivu si ni sabuni? Wakaja majirani na majivu ya maganda ya ndizi, wakayachemsha, wakayachuja, wakamwaga maji yake ya moto juu ya mashine. Ikaanza kutoa povu. Uani kwetu palijaa povu la rangi ya machungwa, watoto wakafulia humo kaptula zao, na wanawake wakasugua huku wakiulizana bwana arusi huyu wa chuma anatoka lini. Alitoka jioni, wa kijivu, mwenye namba zake zote. Tukamkausha haraka, tukampaka mafuta ya injini kila kiungo.

Siku ya pili umeme ulikaa bila kukatika. Nilifunga fimbo ya chuma yenye urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi kiganja, nikaichonga toka mwisho hadi mwisho, taratibu, kisu kikitoa uzi mwembamba usiokatika. Sauti ilikuwa ya chini na ya sawa, haikuhema wala haikupiga kelele. Baba alifungua kitambaa, akatoa mikromita yake, kipimo kinachosoma milimita moja ikigawanywa mara mia. Akapima upande wa kichwa. Akapima katikati. Akapima mwisho. Akafuta vidole, akapima tena akianzia mwisho.

"Rudia," akasema.

Nikarudia kuchonga. Akapima. Kisha akaishusha mikromita, akaketi chini kwenye vumbi la chuma, yeye na kanzu yake safi.

"Sawa yote," akasema, na machozi yakawa yanashuka ndani ya ndevu. "Mama, iyi inasema kweli. Toka nizaliwe sijashika turu yenye kusema kweli namna hii."

Nilipiga kelele. Sikujizuia, nilipiga kelele kwa nguvu zote za kifua changu. Na kwa kuwa ilikuwa miaka ile, mtaa mzima ulitoka mbio, watoto wamebebwa, jirani mmoja na godoro kichwani tayari kukimbia. Walipogundua nimepiga kelele kwa ajili ya fimbo ya chuma walinitukana vizuri, kila mmoja kwa lugha yake, kisha wakaingia wote kuitazama. Nilicheka nikitukanwa. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama ile.

Parafujo ya mjane niliichonga kutoka kwenye ekseli ya lori bovu, chuma kigumu cha kununa, na nati yake nikaitoa kwenye shaba. Tuliipeleka Ruziba siku mbili kabla ya Idi. Wanawake wanne walijaza pipa chikichi zilizochemshwa, wakashika ule mti na kuanza kuzunguka. Parafujo ilishuka. Mwanzoni hakikutoka kitu, na nikaona makanika anaikodolea macho barabara. Mjane akasema wasukume. Wakasukuma, na mafuta yakaja, mekundu, mazito, yakijaza beseni kwa sauti ya kububujika. Wale wanawake wakapiga vigelegele na kuzunguka wakikimbia. Mjane alichovya kidole, akakipaka kwenye kiganja changu, akakifumba kwa mikono yake miwili.

"Twara," akasema. Chukua. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo kama mashine bado inaimba ile sauti yake ya chini. Nikamwambia inaimba. Akageuka upande wa ziwa, nami nikamwacha.

Siku ya Idi baba mkubwa alikuja na kanzu mpya na haluwa. Chumba kilijaa wanaume wa ukoo, sahani ya pilau katikati, na mimi nilikuwa nikiingia na kutoka na birika la maji ya kunawa. Aliposhiba akajifuta mdomo, akamgeukia baba.

"Sasa, ndugu yangu, ile nyumba. Watu wangu wa kinu wanaanza lini?"

"Mi sijui," baba akajibu, akiendelea kutafuna. "Uliza mwenye ateliye."

Baba mkubwa akatazama kuzunguka chumba. Alimtazama binamu yangu mkubwa, akamtazama shemeji, akawatazama wanaume wote mmoja baada ya mwingine, akimtafuta. Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake, birika mkononi.

"Nani?"

Baba aliinua mkono uliojaa wali, akanielekeza mimi. "Uyu."

Baba mkubwa akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu aanze habari ile ya kinu, moja kwa moja usoni. Niliweka birika chini.

"Apana, baba mukubwa," nikasema. "Nyumba iko na kazi."

Sikuwa nimewahi kumkatalia mkubwa wa ukoo mbele ya watu kabla ya siku ile.